Kalala: Yule Anayetangulia Vitani

Kwetu Baluba, Kalala haikuwa tu jina la mutoto. Ilikuwa cheo. Kalala ndiye mukubwa wa vita, mwenye kutangulia mbele ya jeshi la Mulopwe. Hakutuma watu yeye akabaki nyuma.

Wazee wanasimulia habari za Ilunga, mutoto wa Mbidi Kiluwe. Alipigana vita za mujomba wake Nkongolo, akashinda, ndipo akaitwa Kalala. Lakini ushindi ulizaa wivu. Nkongolo akachimbisha shimo, akasimamisha mikuki ndani, akafunika na mikeka, kiisha akamwita Ilunga aje kucheza. Mupiga ngoma ndiye alimwonya kwa mulio wa ngoma yake. Ilunga akasikia, akakimbia, akapona.

Kamina yetu ni muji wa waaskari. Kambi kubwa ilijengwa na Wabelgiji, na vijana wengi wa FARDC wamefundishwa pale. Basi tunaweza kumupima vizuri Kolonele Mamadou Ndala. Hakuwa Muluba, alizaliwa mwaka 1978 ku Ibambi, upande wa Uele. Lakini kazi aliyofanya ni ya Kalala.

M23 iliteka Goma tarehe 20 Novemba 2012, na jeshi letu likapata haya kubwa. Mwaka 2013 Mamadou aliongoza batayo ya 42 ya komando ku Mutaho na Kibati, akiwa pamoja na waaskari wake kwenye risasi. Julai ile, watu wa Goma waliposikia kwamba anaitwa Kinshasa, waliingia barabarani kukataa. Novemba 2013 M23 ikashindwa.

Tarehe 2 Januari 2014, karibu na Beni, jeep yake ilipigwa ndani ya mutego. Akafa na miaka 35. Novemba ya mwaka ule, tribinali ya jeshi ikahukumu kifo luteni-kolonele mumoja wa jeshi lile lile letu, kwa kosa la kushirikiana na waasi wa ADF.

Tofauti ya habari hizi mbili iko wapi? Ujasiri ulikuwa sawasawa, na mutego pia. Lakini Ilunga alikuwa na mupiga ngoma, Mamadou hakupata. Januari 2025 Goma ilianguka tena. Tukisifu anayetangulia, tuwaulize pia wanaobaki nyuma: nani anashika ngoma?