Korona ya mkonge na vijiji vilivyoilisha

Mwanzo wa habari hii hauko Tanga. Uko kwenye mashamba ya ngano ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1870, pale John Appleby alipobuni kifaa cha kufunga fundo la kamba ndani ya mashine ya kuvunia. Kabla yake ngano ikishakatwa, vibarua walifuata nyuma wakiifunga miganda kwa mikono. Baada yake mashine ilikata na kufunga yenyewe, ilimradi kamba isikosekane. Mahitaji ya kamba yakapanda haraka, yakitoshelezwa zaidi na nyuzi za Yucatán huko Mexico na katani ya Manila kutoka Ufilipino. Mkulima wa Marekani alipunguza vibarua shambani kwake, na baada ya miaka michache vibarua wengine wakaanza kutafutwa upande wa pili wa dunia ili kamba yake ipatikane.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge, mmea wa nyuzi za kamba, kutoka Florida. Ilipita Hamburg kwanza, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka mitano baadaye miche hiyo ilikuwa imezaa mimea 63,000, na kufikia mwaka 1913 koloni hilo la Wajerumani lilikuwa likisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Mwaka uleule wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba yakaifuata pembeni.

Tabia ya jani la mkonge lenyewe ndiyo iliyoamua mengi yaliyofuata. Katika kila kilo 100 za majani mabichi hupatikana kilo tatu hadi tano tu za singa. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani likishakatwa halisubiri. Lisiposindikwa mapema utomvu hukauka na singa huharibika. Kwa hiyo haiwezekani kuyapakia majani yakasindikwe mjini. Kiwanda sharti kiwe shambani, karibu na mto, na mashine kubwa ya kukwangua majani, ile ambayo wafanyakazi waliiita korona miaka mingi kabla jina hilo halijawa la ugonjwa, sharti ilishwe mfululizo. Korona ikisimama, mwenye shamba anapata hasara ya mashine, ya maji na ya majani yaliyokwisha kukatwa. Kule Uingereza, Manchester iliwavuta wanavijiji waende mjini wakatafute kiwanda. Huku kwetu kiwanda kilikuja porini, kikaanza kudai watu.

Watu wenyewe hawakuja kwa hiari yao. Wabondei, Wazigua na Wasambaa, ambao ardhi yao ndiyo iliyochukuliwa, wengi wao waliona faida zaidi kulima mahindi na mihogo na kuwauzia chakula wenye mashamba. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kwenye taarifa za maofisa na walowezi hesabu hiyo iliandikwa kuwa ni uvivu. Dawa ikawa kodi. Sheria ya kodi ya kibanda ya mwaka 1897 ilitoza rupia tatu, na fedha hizo mwanakijiji asiye na zao la kuuza angezipata wapi kama si kwenye kazi ya mzungu?

Hapo ndipo ramani ya nchi ilipogawanyika upya. Wachaga na Wahaya walikuwa na kahawa, wakalipa kodi kwa kahawa. Watu wa Buha, Songea, Njombe, Unyamwezi, pamoja na Burundi na kaskazini mwa Msumbiji, zao walilotakiwa kutoa ni vijana wao wa kiume. Wakaja kwa miguu, baadaye kwa treni na malori, kila mmoja akiandikwa kwa namba. Ndiyo sababu wakaitwa manamba.

Kazi waliyoikuta haikufanana na kilimo walichokijua. Nyumbani jembe lilifuata mvua. Kulikuwa na miezi ya kuvunja mgongo na miezi ya ngoma na harusi. Mkonge haujui masika wala kiangazi, hukatwa mwaka mzima. Mkataji aliamka alfajiri, akakata jani moja moja kwa kisu, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga majani thelathini kwa kila fungu na kuyapeleka kwenye reli ya toroli. Nyapara akihesabu mafungu na kuyakuta pungufu, siku ile haikuandikwa kwenye kipande, kadi yake ya kazi. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa siku 30 za kazi, hata kama kwa kalenda zimepita wiki sita. Mwezi wa kuandama angani uliendelea kuhesabu mfungo na sikukuu, lakini mwezi uliohesabu mkate wa mtu ulikuwa mfukoni mwake, kwenye karatasi ya karani.

Na kule alikotoka? Mara nyingi historia ya viwanda huishia kwenye lango la kiwanda, na mimi naona hilo ndilo kosa lake kubwa. Mshahara wa manamba ulipangwa kwa kipimo cha mwanamume mmoja asiye na mke. Alipewa posho ya unga na maharage na nafasi kambini. Mke, watoto na wazazi wake walilishwa na shamba la nyumbani, lililolimwa na mke huyohuyo aliyeachiwa hata kazi ya kufyeka iliyokuwa ya mumewe. Kijana alilelewa kijijini mpaka akapata nguvu, nguvu zikatumika shambani Tanga, na akiugua au akizeeka alirudishwa kijijini akauguzwe na ndugu. Gharama zote za kumkuza na kumzika zilibaki Kasulu au Songea. Bei ya singa iliyopakiwa bandarini Tanga haikuwa na hata senti moja ya gharama hizo.

Wasomi wa uchumi walihangaika sana na vijiji hivi. Kauli iliyotawala wakati wa ukoloni ilikuwa kwamba Mwafrika hufanya kazi mpaka apate kiasi alichokikusudia, yaani kodi na nguo, kisha anaondoka. Kwa hiyo ukimwongezea mshahara ataondoka mapema zaidi. Ilikuwa hoja yenye manufaa makubwa kwa mwajiri. Mwaka 1954 Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyekuwa akifundisha Manchester, alitoa nadharia iliyokuja kumletea Tuzo ya Nobel mwaka 1979: kwamba nchi maskini zina nguvukazi tele vijijini, inayoweza kuhamia viwandani bila mavuno ya kijiji kupungua sana. Namheshimu Lewis, kwa kuwa alitafuta njia ya kuwatoa watu kwenye umaskini. Lakini Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba wa Zambia ya leo, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1939 jinsi wanaume walivyokwenda migodini, miti ya kufyekea mashamba ikakosa wa kuikata na njaa ikaingia majumbani. P. H. Gulliver naye, katika utafiti wake juu ya Wangoni na Wandendeule uliochapishwa mwaka 1955, aliandika kwamba kilichowaondoa ni ukosefu wa njia ya kupata fedha nyumbani. Walter Rodney, alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifuata habari hiyo ya manamba kwa undani. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1983, miaka mitatu baada ya kuuawa kwake.

Vita ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoonyesha uzito wa mkonge. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na Java, na meli za Uingereza na Marekani zikabaki kutegemea kamba za Afrika Mashariki. Watu wakakamatwa kwa sheria kupelekwa mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, ambayo malori yake bado yanakumbukwa na wazee wa mikoa ya magharibi na kusini. Katika miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yaliajiri zaidi ya watu 100,000, kuliko kazi nyingine yoyote ya mshahara Tanganyika. Umati huo ukajifunza kugoma. Mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 ulitikisa wenye mashamba wote.

Baada ya Uhuru mishahara ilipanda na uandikishaji wa manamba ukakoma katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, ikiongoza duniani. Kisha bei ikaporomoka, kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, soko likiwa tayari linaanguka. Anayeulaumu utaifishaji peke yake hasomi tarehe vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa tani 20,000 hivi. Wajukuu wa Waha, Wangoni, Wabena na Wamakonde walibaki kwenye kambi za Korogwe na Muheza, wamezungukwa na mapori ya mkonge uliotelekezwa, wengi wao wakiwa hawana ardhi ya kuiita yao.

Tangu mwaka 1999 baadhi ya mashamba hayo, kama Hale, Magunga na Ngombezi, yamegawa vitalu kwa wakulima wadogo. Ni mabadiliko makubwa: mjukuu wa manamba sasa anaweza kuwa mwenye mkonge. Ila jani bado halisubiri. Mkulima akishalikata lazima alifikishe kwenye korona mapema, na mwenye korona ndiye anayepanga gharama ya kusindika, kuanika na kufunga marobota. Mkulima asiyemiliki mashine hupokea kinachobaki baada ya makato, na nguvu za familia yake za kupalilia miaka miwili au mitatu kabla ya mkato wa kwanza haziingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nawaomba wanaousimamia mkonge leo, Bodi ya Mkonge, wizara na benki zinazokopesha: vyama vya ushirika vya wakulima visaidiwe kununua na kuendesha korona zao wenyewe. Na pale ambapo mashine bado ni ya mwingine, makato yote yabandikwe ofisini hadharani, mkulima ayasome kabla hajakata jani la kwanza.