Mahakama ya Kuigiza na Lugha ya Mteja

Kila msimu wa mashindano ya mahakama ya kuigiza unapokaribia, mimi huketi na wanafunzi wangu wa sheria jioni, nikajifanya jaji. Mmoja husimama upande wa mrufani, mwingine upande wa mjibu rufani, na kazi yangu ni kuwakatiza kwa maswali. Safari hii nilimkatiza aliye hodari kuliko wote. Alikuwa amezungumza Kiingereza fasaha kwa dakika kumi, akitaja kesi moja baada ya nyingine. Nikamwuliza kwa Kiswahili: "Wakili msomi, mteja wako anaiomba nini mahakama?" Akanyamaza. Sheria aliijua, maneno ya kuisemea kwa lugha aliyokua nayo ndiyo yaliyomkosa.

Kimya kile kina historia ndefu. Mazoezi haya hayakuanzia vyuo vikuu. Katika karne ya 15, wanafunzi wa sheria wa London walijifunza katika nyumba za mawakili kama Lincoln's Inn na Gray's Inn, ambako walijadili kesi za kubuni mbele ya wakubwa wao walioketi kama majaji. Vitabu vilikuwa adimu, hivyo ulimi ndio uliokuwa shule.

Lakini ulimi huo ulisema Kifaransa cha kisheria, urithi wa uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilikwisha kuagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba Kifaransa hakikueleweka na wananchi, kiasi kwamba mtu hakujua kinachosemwa kwa ajili yake wala dhidi yake. Agizo lilitolewa, ila wanafunzi waliendelea kufunzwa kwa lugha ileile, kizazi baada ya kizazi, na mawakili wakaendelea kuandika kwayo. Ilihitajika sheria nyingine, ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, kukiondoa Kifaransa pamoja na Kilatini katika kumbukumbu za mahakama. Kati ya agizo la kwanza na la mwisho ilipita karibu miaka 370.

Sisi tuliurithi mfumo huo pamoja na mazoea yake. Kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kilifundisha kwa Kiingereza. Mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini kadiri kesi ilivyopanda ngazi ndivyo ilivyomwacha mwenye kesi nyuma. Wako waliopoteza mashamba yao kwa hukumu ambazo hawakuweza kuzisoma. Mwaka 2021 Bunge letu lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, likiacha mwanya wa Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji. Huo ndio mwaka 1362 wetu.

Simaanishi kwamba tuyape kisogo mashindano ya kimataifa. Yale ya Jessup, yaliyoanza mwaka 1960, na yale ya haki za binadamu ya Afrika, yaliyoanzia Harare mwaka 1992, yamewafungulia vijana wetu milango mingi, na Kiingereza chake kina mahali pake. Ninachosema ni kwamba stadi tunazozifundisha huko si mali ya lugha moja: kutamka ombi lako katika dakika ya kwanza, kumjibu jaji "ndiyo" au "hapana" kabla ya kutoa sababu, kukiri udhaifu wa hoja moja ili kuiokoa nyingine. Mwanafunzi anayeziweza kwa Kiingereza pekee amejiandaa nusu tu.

Kwa hiyo muhula huu nimeamua kwamba mzunguko mmoja wa mazoezi utafanyika kwa Kiswahili, tangu hoja za maandishi hadi hukumu. Wanafunzi wamelalamika kuwa ni vigumu. Wana haki, nami nimejikwaa mara kadhaa nikitafuta neno. Ugumu huo ni wetu kuubeba, kwa kuwa kwa miaka mingi umebebwa na mkulima aliyesimama kizimbani akimtazama wakili wake, asielewe kama anatetewa au anazikwa.