Okudera wa Japani na Waliomtangulia kutoka Kongo

Yasuhiko Okudera ndiye Mjapani wa kwanza kujijengea jina katika soka la kulipwa barani Ulaya. Mwaka 1977 aliiacha timu ya kampuni ya Furukawa Electric akajiunga na 1. FC Köln ya Ujerumani Magharibi, na msimu wake wa kwanza timu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi pamoja na kombe. Aprili 1979 aliifunga Nottingham Forest katika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, mechi iliyoisha 3-3. Wajerumani walimshangilia. Kwao Japani, besiboli ndiyo iliyotawala, na soka lilikuwa bado mchezo wa wafanyakazi wa makampuni.

Msomaji wa Kisangani ana sababu ya kuitazama miaka hiyo kwa makini, kwa kuwa Kongo ilikwisha kupita njia hiyo zamani. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954, miaka 23 kabla ya Okudera, kisha Gent ya Ubelgiji mwaka 1957. Mwaka huohuo Paul Bonga Bonga alijiunga na Standard Liège, iliyokuwa bingwa wa Ubelgiji mwaka 1958. Kisangani ilikuwa ingali ikiitwa Stanleyville.

Jina la mji lilibadilishwa mwaka 1966, na mwaka huohuo njia ya wachezaji nayo ikageuzwa. Utawala wa Rais Mobutu uliwaita nyumbani waliokuwa Ubelgiji, kisha ukawazuia wengine kwenda kuchezea klabu za ng'ambo. Kwa timu ya taifa matunda yalionekana upesi: Kombe la Afrika mwaka 1968, na tena mwaka 1974, Ndaye Mulamba alipofunga mabao 9 katika mashindano mamoja, idadi ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo. Mwaka huo Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Japani ilifika huko mwaka 1998.

Kilichokosekana Kongo ni riziki ya kudumu nyuma ya sifa hiyo. Mchezaji alijulikana nchi nzima, lakini mlango wa kuuza kipaji chake nje ulikuwa umefungwa, na ndani hapakuwa na ligi ya kulipwa ya kumtunza. Japani ilianza na sifa ndogo ikaijengea msingi. Okudera aliporudi mwaka 1986 alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza nchini humo kupewa mkataba wa kulipwa, na mwaka 1993 ligi ya kulipwa, J.League, ikaanza.

Tarehe 13 Desemba 2015, mjini Osaka, TP Mazembe ya Kongo, bingwa wa Afrika, ilikutana na Sanfrecce Hiroshima, bingwa wa ligi hiyo, katika Kombe la Dunia la Klabu. Wajapani walishinda 3-0.