Filbert Bayi: Mkimbiaji Aliyetangulia

Wakimbiaji wa mita 1500 kwa desturi huviziana. Kila mmoja hujificha nyuma ya mwenziwe, akimwachia kazi ya kuukata upepo, hata raundi ya mwisho ifikapo ndipo achomoke. Filbert Bayi aliikataa desturi hiyo. Na historia yake uwanjani ni historia ya faida na gharama ya kukataa huko.

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1953 huko Karatu, katika nyanda za juu zilizo jirani na Ngorongoro. Husimuliwa kwamba alipohamia Dar es Salaam alijizoeza kwa kushindana na mabasi barabarani. Mwaka 1972 alikwenda Munich katika Michezo ya Olimpiki, akatolewa katika mchujo. Mwaka uliofuata, mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika Michezo ya Afrika.

Tarehe 2 Februari 1974 ilifanyika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Bayi, kijana wa miaka 20, alitangulia tangu mlio wa bastola, wala hakupitwa. John Walker, mwana wa nchi ile, alimfukuza hata utepeni asimpate. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia; Walker naye, ingawa alikuwa wa pili, aliishinda rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani. Mei 1975, mjini Kingston, Bayi alivunja pia rekodi ya maili moja.

Basi ulimwengu ukangoja wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia Michezo hiyo. Walker alishinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo wa kuviziana. Mwaka ule Bayi aliugua malaria, kwa hiyo hakuna ajuaye kama angalishinda. Lakini yaelekea mbio zile zisingalikuwa za polepole kiasi kile.

Moscow, mwaka 1980, aliingia mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia vilevile, akawaacha wenziwe mbali, mpaka nguvu zikampungukia katika raundi ya mwisho, Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Hata hivyo nishani yake ya fedha ilikuwa ya kwanza ya Tanzania katika Olimpiki.

Tabia iliyompa ushindi Christchurch ndiyo iliyomgharimu Moscow. Lakini rekodi ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola aliyoiweka kwa tabia hiyo ilidumu miaka 48, hata ikavunjwa Birmingham mwaka 2022.