Wychbold: kijiji cha milingoti ya redio

Wychbold ni kijiji cha kaunti ya Worcestershire, katikati mwa England. Kipo kusini mwa Longbridge, kitongoji cha Birmingham kilichopata jina kwa kiwanda cha magari kilichoanzishwa na Herbert Austin mwaka 1905 na kilichoanguka pamoja na kampuni ya MG Rover mwaka 2005. Kijijini hapo ndipo kilipojengwa kituo cha redio cha Droitwich, kilichopewa jina la mji jirani.

Kituo hicho cha BBC kilianza kazi mwaka 1934, kikiwa na nguvu ya kilowati 150, na kilichukua nafasi ya mtambo wa masafa marefu wa Daventry. Antena yake ilitundikwa kati ya milingoti miwili yenye urefu wa mita 213 kila mmoja.

Mawimbi ya ardhini

Mawimbi ya masafa marefu hutambaa juu ya ardhi na kufuata mviringo wa dunia. Kwa sababu hiyo mtambo mmoja wenye nguvu huweza kusikika katika eneo kubwa mno, mchana na usiku.

Sifa hiyo ilikuwa pia hatari. Vita Kuu ya Pili vilipozuka mwezi Septemba 1939, BBC ilisitisha matangazo ya masafa marefu, ikihofia kwamba ndege za Ujerumani zingeyatumia kutafutia njia.

Mwaka 1978 masafa hayo yalikabidhiwa Radio 4. Kuanzia miaka ya 1980 mawimbi yayo hayo yalibeba pia ishara za kubadili mita za umeme majumbani, kutoka bei ya mchana hadi ile nafuu ya usiku.

Kuzimika taratibu

Zama hizo zimefikia ukingoni. Mwezi Aprili 2024 BBC ilikomesha vipindi vilivyokuwa vya masafa marefu pekee, na mwezi Juni 2025 huduma ya mita za umeme ilianza kuzimwa kwa awamu.

Hatima ya mitambo ya namna hii hutofautiana. Nchini Poland, mlingoti wa kijiji cha Konstantynów, uliokuwa na urefu wa mita 646 na kushika nafasi ya kwanza duniani, ulianguka Agosti 8, 1991 wakati nyaya zake zikibadilishwa. Mjini Kigali, kituo cha masafa mafupi cha Deutsche Welle, kilichowafikia wasikilizaji wengi wa Afrika, kilifungwa mwaka 2015.

Kinachopotea

Wanaounga mkono kufungwa kwa mitambo hiyo wana hoja nzito: umeme wake ni ghali, vipuri ni adimu, na wasikilizaji wengi wamehamia kwenye intaneti.

Hata hivyo, redio ya betri haimdai msikilizaji malipo wala jina, na hakuna awezaye kujua ni nani aliyeifungua. Intaneti ilipozimwa nchini Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, ilibainika jinsi serikali inavyoweza kufunga njia hiyo kwa amri moja. Matangazo yanayorushwa kutoka nje ya mipaka yanaweza kuvurugwa, lakini swichi yake haimo mikononi mwa mtawala wa nchi yanakosikilizwa.

Mlingoti ukishang'olewa, ni nadra kusimamishwa tena.