Jimbo la Uchaguzi la Tanga (1958–1960)

Jimbo la Tanga lilikuwa mojawapo ya majimbo 10 ya uchaguzi ya Tanganyika chini ya Waingereza. Liliunganisha mji wa bandari, mashamba ya mkonge na milima ya Usambara, Lushoto ikiwemo. Lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria, yaani Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na kila mpiga kura alilazimika kumchagua mmoja wa kila kundi.

Hoja kwamba masharti ya kupiga kura hayakutaja rangi ni kweli kwa maandishi tu. Kipato cha pauni 150 kwa mwaka, elimu ya miaka minane au wadhifa uliotambuliwa vilimwacha nje mkulima wa kawaida wa Kisambaa, kwani shule na mishahara vilikuwa vimegawanywa kwa rangi tangu awali. Nchi nzima waliandikishwa wasiofika 60,000. Hata hivyo kura tatu ziligeuka silaha ya TANU, chama cha kupigania uhuru kilichokubali katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, kushiriki uchaguzi huo: wagombea Wazungu na Waasia nao walihitaji kura za Waafrika. Majimbo hayo 10 yalifikia mwisho uchaguzi wa 1960 ulipoleta majimbo mapya 50.