Mlo wa mchana Iyula

Mlo wa mchana Iyula ni chakula kinacholiwa kati ya saa sita na saa tisa katika kata ya Iyula, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Mkoa huo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Iyula imo kwenye uwanda wa juu wa Mbozi, nchi ya Wanyiha, ambako kaya nyingi huishi kwa kahawa, mahindi na maharage. Kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula hutoka katika shamba la mlaji mwenyewe, mlo huu hupangwa zaidi na kazi ya siku na mwezi wa mwaka kuliko saa ya ukutani. Ukijua watu wamekula nini mchana, umejua shamba limefikia wapi.

Ugali na maharage

Mlo wa kawaida ni ugali wa mahindi kwa maharage na mboga za majani. Maharage huchukua muda mrefu kuiva, kwa hiyo mpishi mzoefu huyaloweka mapema na kuyachemsha jioni iliyotangulia, ili mchana ibaki kazi ya kuyaunga tu kwa kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta ya alizeti. Aina inayopendwa sana Nyanda za Juu Kusini ni kablanketi, kwa ladha yake na rojo lake zito. Maharage ya njano nayo yana wapenzi wake, na wanunuzi huyafuata kutoka mbali.

Ugali huanza kama uji. Unga kidogo hukorogwa kwa maji baridi, humiminwa kwenye maji ya moto na kuachwa uchemke vizuri, kwa sababu uji usioiva huzaa ugali wenye ladha ya unga mbichi. Kisha unga mwingine huongezwa kidogo kidogo huku mpishi akisonga kwa mwiko na kuukandamiza ukutani mwa sufuria hadi mabonge yaishe. Ugali ulioiva huachia sufuria wenyewe na kunukia. Mlaji humega tonge, hulifinyanga kiganjani, hulitia kishimo kwa kidole gumba na kuchotea mchuzi. Parachichi lililoiva, likikatwa na kunyunyiziwa chumvi, huufanya mlo huo uwe wa kujivunia.

Historia

Mahindi ni mgeni katika sahani hii. Asili yake ni Amerika, na yalifika Afrika Mashariki kupitia biashara ya Wareno. Wanyiha wa zamani walikula zaidi ugali wa ulezi, nafaka yenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulezi uleule ulitoa pombe ya kienyeji. Wamisionari Wamoravian walifungua misheni Mbozi mwaka 1899 wakiongozwa na Traugott Bachmann, na katika karne ya 20 kahawa ikawa zao kuu la fedha. Mwanajiografia C. Gregory Knight, aliyechapisha mwaka 1974 kitabu kuhusu kilimo cha Wanyiha, alieleza jinsi maarifa ya wenyeji kuhusu udongo na mimea yalivyokutana na mabadiliko hayo.

Wahamiaji nao waliongeza vyungu. Wandali na Wanyakyusa waliokuja Mbozi kutafuta ardhi walikuja na mapenzi yao kwa ndizi, na leo ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage ni chakula cha mchana kisichomshangaza mtu yeyote.

Kalenda ya mlo

Mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Huo ndio msimu wa mboga nyingi: majani ya maboga, majani machanga ya maharage, mnavu, na uyoga unaookotwa porini. Lakini ghala huwa linapungua, na Januari na Februari kaya yenye akiba ndogo huhesabu debe la mwisho. Mahindi mabichi yanapokomaa shambani, mchana hugeuka kuwa wa mahindi ya kuchemsha na ya kuchoma, na nyumba zilizokuwa zimebana matumizi hupumua.

Kuanzia Juni, kahawa huushika mchana. Tunda jekundu likishachumwa linatakiwa kumenywa siku hiyohiyo, kwani likilala huanza kuchacha na kuharibu ubora wa buni. Kwa hiyo asubuhi ni ya kuchuma na alasiri ni ya kuchambua na kumenya. Chakula huingia katikati, na mara nyingi huliwa palepale chini ya kivuli. Hapo kande hushinda ugali. Mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja hubebwa kwenye ndoo yenye mfuniko, hayahitaji mboga ya pembeni, na hushibisha hadi jioni. Mwenye shamba anayewapa vibarua kande nzuri hupata wachumaji kesho yake bila kuwatafuta.

Adabu za kula

Maji ya kunawa hutangulia. Mtoto au kijana hushika jagi na beseni, akianza na mgeni na wakubwa. Anayepita wakati watu wanakula hukaribishwa kwa "Karibu tule", na mwaliko huo ni wa kweli: mtu hutarajiwa aonje walau tonge moja au ashukuru kwa upole. Waliokaa kwenye sahani moja hula upande ulio mbele yao, na nyama huachwa hadi mkubwa aigawe. Jumapili baada ya ibada, wali na kuku huweza kuchukua nafasi ya ugali, hasa kukiwa na mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Raha ya mlo huu ina gharama, na kwa kawaida analipa mwanamke. Yeye ndiye anayeacha jembe mapema kuliko wengine ili awashe moto, akale na wenzake, kisha arudi shambani pamoja nao. Kuni, maji na kuosha vyombo ni juu yake pia. Simulizi lolote la chakula cha mchana lisilotaja kazi hiyo limeacha nusu ya habari.

Lishe na shule

Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vya protini, na maharage yanayo kwa wingi. Kande na ugali wa maharage kwa hiyo ni ndoa yenye faida mwilini. Unga wa dona, usiokobolewa, hubaki na kiini na pumba zenye virutubisho ambavyo sembe nyeupe hupoteza mashineni.

Hata hivyo wingi wa chakula haujawa kinga dhidi ya udumavu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na viwango vya Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayovuna sana, vilikuwa juu zaidi ya hapo. Mtoto hahitaji ugali mwingi pekee. Anahitaji mboga, matunda, mayai au dagaa, na mtu mwenye muda wa kumlisha mara kadhaa kwa siku.

Serikali ilipoanza utaratibu wa elimu bila ada mwaka 2016, wazazi wengi walidhani michango yote imefutwa, chakula kikiwemo. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni uliofuata uliweka wazi kwamba wazazi na jamii wana sehemu yao. Katika shule za vijijini sehemu hiyo kwa kawaida ni mahindi, maharage na fedha kidogo ya mpishi. Kwa kata inayolima mahindi na maharage yenyewe, huu ni mzigo unaobebeka mavuno yakiwa mazuri na mzito mwaka wa ukame. Unastahili kubebwa kwa vyovyote, kwa kuwa mwanafunzi mwenye njaa hasikii somo la saa nane, hata mwalimu awe hodari namna gani.